Wikendi ya Machipuko Kandokando ya Schiphol: Lala Hoofddorp, Amka Uone Maua

Msafiri anayetua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, kwa kawaida hushuka ngazi hadi kituo cha treni kilicho chini ya uwanja, na baada ya robo saa hivi yuko katikati ya Amsterdam, akisukumana na umati kandokando ya mifereji. Kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei, haraka hiyo haina faida. Maua yanayowavuta watu Uholanzi majira ya machipuko hayako Amsterdam. Yako kusini-magharibi mwa uwanja wa ndege, Lisse na Hillegom, na mnada mkubwa wa maua uko Aalsmeer, kusini tu mwa njia za kurukia ndege. Anayelala Hoofddorp, mji ulio mlangoni mwa uwanja, yuko karibu na hayo yote kuliko anayelala mjini, na mara nyingi analipa kidogo.

Mwongozo huu ni kwa Mswahili anayeishi Ulaya na ana siku tatu za kupumzika, na kwa anayepita Schiphol akitoka Nairobi, Dar es Salaam, Kilimanjaro au Entebbe ambaye anaweza kukatisha safari yake kwa siku mbili tatu. Nimeupanga kuanzia Ijumaa asubuhi hadi Jumapili jioni. Ijumaa ina sababu yake, utaiona.

Hatua ya 1: Chagua wikendi kwa kufuata maua

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanasikia "tulipu", wanakata tiketi ya wiki ya kwanza ya Machi, wanakuta udongo mtupu na upepo.

Maua haya yana foleni yake. Krokasi na dafodili hutangulia, mwishoni mwa Machi. Hayasinthi hufuata mwanzoni na katikati ya Aprili, na harufu yake huifikia pua yako hata kabla hujaliona shamba. Tulipu hujaa kuanzia katikati ya Aprili hadi siku za mwanzo za Mei. Kama wikendi yako ni moja tu, chukua ile ya tatu ya Aprili. Mwaka wenye joto la mapema foleni yote husogea mbele, na mwaka wa baridi ndefu huchelewa, kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari tazama picha za mashamba ambazo watu wa eneo hilo huziweka mtandaoni.

Kuna jambo jingine ambalo vipeperushi vya utalii havilitaji sana. Mkulima wa tulipu hauzi ua la shambani. Anauza tunguu, ule mzizi wa mviringo unaofanana na kitunguu. Ua likishachanua vizuri na likakaguliwa kama lina ugonjwa, mashine hupita na kukata vichwa vyote ili nguvu ya mmea irudi chini kwenye tunguu. Shamba lililokuwa jekundu Alhamisi linaweza kuwa la kijani Jumamosi. Ndiyo maana wikendi ya mwisho ya Aprili ni ya bahati nasibu kwa mashamba, ingawa bustani ya Keukenhof bado huwa imejaa.

Angalia pia kalenda ya Waholanzi. Tarehe 27 Aprili ni Siku ya Mfalme (ikiangukia Jumapili husherehekewa tarehe 26). Ni siku ya furaha kubwa, lakini hoteli hupanda bei na treni hufurika. Jumamosi moja ya Aprili hufanyika msafara wa magari yaliyopambwa kwa maua kutoka Noordwijk hadi Haarlem. Ukiupenda, panga safari yako yote kuuzunguka. Usipoupenda, ikwepe Jumamosi hiyo kabisa, kwa sababu barabara za eneo zima hufungwa au husongamana.

Hatua ya 2: Makaratasi

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, kutoka nje ya uwanja kunahitaji viza ya Schengen, hata kama ni kwa usiku mmoja. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Usingoje wiki ya mwisho, kwa kuwa nafasi za miadi ndizo huisha kwanza. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi nyingine ya Schengen apite tu, ila asisahau pasipoti yake nyumbani.

Kumbuka na saa. Jumapili ya mwisho ya Machi Wazungu husogeza saa mbele. Kabla ya hapo Uholanzi iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, baada ya hapo kwa saa moja. Mwishoni mwa Aprili jua huzama karibu saa tatu usiku kwa hesabu yetu, kwa hiyo siku ina nafasi ya mambo mengi kuliko unavyodhani. Ratiba zao zimeandikwa kwa saa 24: 14:30 ni saa nane na nusu mchana.

Hatua ya 3: Tafuta kitanda

Hoofddorp ni kituo cha treni kinachofuata baada ya Schiphol ukielekea Leiden, mwendo wa dakika tano hivi. Karibu na kituo kuna hoteli nyingi zilizojengwa kwa ajili ya watu wa kazi wa katikati ya wiki, na Ijumaa hadi Jumapili wateja hao hawapo. Linganisha bei za usiku huohuo Hoofddorp, Badhoevedorp (mji mwingine jirani na uwanja) na Amsterdam kabla ya kuamua. Amsterdam yenyewe hutoza kodi ya utalii ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024, na wengi huigundua wakati wa kulipa.

Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kama hoteli ina basi lake la kwenda na kurudi uwanjani, na kama ina baiskeli za kukodisha. La pili ni muhimu kuliko la kwanza. Basi la umma lipo muda wote, lakini Jumapili asubuhi duka la baiskeli huenda limefungwa. Baiskeli za shirika la reli utakazoziona vituoni ni za wenye usajili wa ndani, mgeni wa siku mbili hazimfai.

Hatua ya 4: Kadi moja kwa kila chombo

Huhitaji kununua kadi maalumu ya usafiri. Tangu 2023 kadi ya benki isiyohitaji kuchomekwa, au simu yenye kadi hiyo, inakubaliwa kwenye treni, mabasi na tramu zote nchini. Gusa unapoingia, gusa unapotoka. Kugusa wakati wa kutoka ndiko watu husahau, hasa kwenye basi, na ukisahau unakatwa nauli ya juu. Tumia kadi ileile mwanzo na mwisho wa safari, na kila mtu awe na kadi yake, kwa sababu baba hawezi kuwagusia mama na watoto kwa kadi moja.

Basi utakalolizoea ni namba 300. Linatoka Haarlem, linapita Hoofddorp na Schiphol, linaendelea Amstelveen hadi kusini-mashariki mwa Amsterdam, na sehemu kubwa ya njia linatembea kwenye barabara yake lenyewe bila foleni. Kwa safari nyingine zote pakua programu ya 9292, andika unakotoka na unakokwenda, nayo itakupa namba ya basi na dakika.

Hatua ya 5: Ijumaa asubuhi, nenda mnadani Aalsmeer

Mnada wa Royal FloraHolland huko Aalsmeer haufanyi kazi Jumamosi na Jumapili. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza Ijumaa. Wageni huingia asubuhi mapema na shughuli hupoa kabla ya saa sita, kwa hiyo fika kabla ya saa tatu. Ndege nyingi za usiku kutoka Afrika Mashariki hutua alfajiri au asubuhi: acha mizigo kwenye sehemu ya kuhifadhi mizigo uwanjani, osha uso, panda basi la Aalsmeer. Usingizi utaukuta jioni.

Jengo hili ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani kwa eneo lililofunikwa, zaidi ya mita za mraba 500,000. Mgeni anatembea juu, kwenye njia iliyoinuliwa, na chini yake kunapita misururu ya matoroli yaliyojaa maua, ikivutwa na vigari vidogo vinavyopishana bila kugongana. Mnada wenyewe unakwenda kinyume na mnada wa kwetu. Bei haipandi. Inaanza juu kwenye saa kubwa ya ukutani na kushuka kwa kasi, na wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Ukingoja sana ili upate kwa bei nafuu, mwenzako amekwisha kuchukua. Siku hizi wanunuzi wengi hubonyeza kutoka kwenye kompyuta zao mbali, hivyo usitarajie ukumbi uliojaa watu kama kwenye picha za zamani. Lakini matoroli bado ni yale yale, na ni mengi.

Nataka Mwafrika Mashariki apaone mahali hapa kwa sababu mawaridi mengi yanayopita chini ya miguu yake yametoka Kenya na Ethiopia. Ua limekatwa kwenye mashamba ya kandokando ya Ziwa Naivasha, limewekwa kwenye chumba cha baridi, likasafirishwa kwa lori hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, likaruka usiku, likatua uwanja huuhuu ulioshukia wewe. Wanaolichuma, wengi wao wanawake, hawapati nafasi ya kuona linakofikia. Ukipata, simama pale juu kwa muda. Usiondoke kwa sababu tu umekwisha kupiga picha.

Ukitoka mnadani, kijiji cha Aalsmeer chenyewe kinastahili saa moja. Kina ziwa, Westeinder, lenye visiwa vyembamba ambako wakulima wamestawisha vichaka vya lailaki kwa vizazi vingi.

Hatua ya 6: Jumamosi, Keukenhof kisha mashambani

Keukenhof iko Lisse. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 1950, ina hekta 32, na kila msimu wa majani kupukutika wakulima wa bustani hupanda humo matunguu milioni saba hivi kwa mkono. Huwa wazi kwa takribani wiki nane tu kwa mwaka, kuanzia karibu tarehe 20 Machi hadi karibu 10 Mei, saa mbili asubuhi hadi saa moja na nusu usiku.

Tiketi inunuliwe mtandaoni mapema, na huwa na saa ya kuingia. Basi namba 858 hutoka Schiphol moja kwa moja hadi langoni, na kuna tiketi inayojumlisha basi na kiingilio. Chagua saa ya kwanza ya asubuhi, au ingia baada ya saa kumi alasiri. Katikati ya mchana mabasi ya watalii humwaga watu maelfu, na bustani nzuri hugeuka kuwa foleni ya picha. Mimi ningechagua alasiri: mwanga ni laini, watoto wa makundi ya shule wameondoka, na bado una saa tatu na nusu kabla ya milango kufungwa.

Ndani, usijaribu kupita kila njia. Nenda kwanza kwenye kinu cha upepo kilicho ukingoni. Kilijengwa 1892 huko Groningen na kuhamishiwa hapa 1957. Panda juu yake utazame nje ya bustani, kwenye mistari ya rangi ya mashamba ya kweli. Hapo ndipo tofauti inapoonekana: bustani ni maonyesho, mashamba ni kazi ya watu. Chini ya kinu kuna boti za umeme zinazopita polepole kwenye mifereji kati ya mashamba kwa dakika 45 hivi, na kwa mwenye wazazi wazee au mtoto mchanga hiyo ndiyo njia bora ya kuyaona.

Mwenye miguu mizuri aje asubuhi, akodi baiskeli karibu na lango kuu, azunguke kati ya Lisse, Hillegom na Noordwijkerhout, kisha aingie bustanini alasiri. Ardhi yote ni tambarare. Eneo hili liko kwenye ukanda wa mchanga ulio nyuma ya vilima vya pwani, na mchanga huo unaopitisha maji vizuri ndio uliofanya matunguu yastawi hapa. Udongo mzito wa mfinyanzi huyaozesha kwa urahisi.

Ombi langu moja kubwa: usiingie ndani ya shamba. Picha za watu waliokaa katikati ya tulipu zimeleta hasara kwa wakulima. Kiatu huvunja mashina, lakini pia hubeba ugonjwa kutoka shamba moja hadi jingine, na tunguu lenye virusi halina soko. Simama ukingoni, chuchumaa, inua kamera kutoka chini, na picha itatoka kana kwamba uko katikati yao. Palipo na kibao cha kuruhusu wageni, ingia na ununue shada.

Hatua ya 7: Jumapili, chagua mojawapo

Usiunganishe yote mawili.

Njia ya kwanza ni ya familia: Amsterdamse Bos, msitu ulio kati ya uwanja wa ndege na Amstelveen. Kazi ya kuupanda ilianza 1934, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na serikali ilitumia maelfu ya watu wasio na ajira kuchimba na kupanda. Sasa ni hekta 1,000 hivi, zenye maziwa, njia za baiskeli na mfereji mrefu ulionyooka wa mashindano ya makasia. Mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili nenda moja kwa moja kwenye uwanja wa micheri. Miti 400 ilitolewa na chama cha wanawake wa Kijapani mwaka 2000, nusu ikapewa majina ya kike ya Kiholanzi na nusu ya Kijapani. Maua yake hudumu siku chache tu. Ukifika yamekwisha kuanguka, kuna shamba la mbuzi ndani ya msitu, ambako majira ya machipuko watoto huwanywesha mbuzi wachanga maziwa kwa chupa. Ndege hupita chini kabisa juu ya miti, na watoto hawajui watazame juu au chini.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: kuzunguka kwa baiskeli ardhi yenyewe unayolala juu yake.

Hadi 1852 Hoofddorp haikuwepo. Hapa palikuwa ziwa la hekta 18,000 hivi, na kila dhoruba lilimega kingo zake. Mwaka 1836 dhoruba mbili, ya Novemba na ya wakati wa Krismasi, zilisukuma maji hadi karibu na Amsterdam upande mmoja na Leiden upande mwingine. Mfalme akaamuru likaushwe. Wachimbaji waliuzungusha mfereji wa kilomita 60 hivi, Ringvaart, kisha mitambo mitatu ya mvuke ikavuta maji hadi sakafu ikaonekana. Schiphol, iliyoanza 1916 kama kiwanja cha jeshi, imekaa kwenye sakafu hiyo, zaidi ya mita tatu chini ya usawa wa bahari.

Kutoka Hoofddorp endesha hadi Cruquius, ambako mtambo mmoja kati ya ile mitatu umehifadhiwa kama makumbusho. Silinda yake ina kipenyo cha mita 3.66, na unahesabiwa kuwa injini kubwa zaidi ya mvuke kuwahi kutengenezwa. Ulifanya kazi hadi 1933. Siku hizi husukumwa na haidroliki badala ya mvuke, lakini mikono yake mikubwa ya chuma bado huinuka na kushuka, na unaisikia sakafu ikitetemeka. Kisha panda juu ya tuta la Ringvaart ujionee mwenyewe: boti upande mmoja zinaelea juu kuliko paa za nyumba za upande wa pili.

Ukirudi, pitia Buitenschot, kaskazini mwa Hoofddorp. Njia ya kurukia ndege ya Polderbaan ilipofunguliwa 2003, wakazi waliteswa na mngurumo unaotambaa ardhini. Ikagunduliwa kwamba baada ya mavuno, mashamba yakishalimwa, kelele hupungua. Basi ikajengwa bustani nzima ya matuta marefu yaliyonyooka, kama matuta ya viazi vitamu yaliyokuzwa mara kumi, na msanii Paul de Kort akashiriki kuyabuni. Ilifunguliwa 2013. Simama juu ya tuta ndege inapoondoka, kisha shuka bondeni ungoje inayofuata. Sikiliza.

Juu ya mfereji wa Hoofdvaart utakutana na kazi ya msanifu majengo Santiago Calatrava: madaraja matatu meupe yaliyofunguliwa 2004, kila moja likiwa na jina la ala ya nyuzi.

Njiani fuata vibao vyenye namba. Kila makutano ya njia za baiskeli yana namba yake, nawe huandika tu mfuatano wa namba kwenye karatasi. Usishike simu mkononi ukiendesha, faini yake inazidi euro 100. Anza safari kwa kukabili upepo, ambao mara nyingi hutoka kusini-magharibi, ili ukusukume wakati wa kurudi umechoka. Breki ya baiskeli nyingi za kukodi ni kukanyaga pedali kinyume, jaribu kwanza uani.

Hatua ya 8: Nguo na chakula

Aprili, joto la mchana hukaa karibu nyuzi 13 au 14, na alfajiri hushuka hadi 4 au 5. Vaa tabaka tatu, ya juu iwe ya kuzuia upepo na mvua. Mwavuli hauna maana kwenye uwanda huu. Glavu nyembamba zitakufaa ukiwa kwenye baiskeli.

Aliyechoka na mkate wa jibini atafute mkahawa wa Wasuriname, nao wametapakaa eneo lote la Amsterdam. Roti yao huja na mchuzi wa kuku, viazi na maharage marefu, huliwa kwa mkono, na mtu wa Mombasa au Unguja hatahitaji maelezo. Aprili pia ndio mwanzo wa asparaga nyeupe, ambayo Waholanzi huingoja mwaka mzima na kuila na mayai na siagi hadi tarehe 24 Juni. Kwa vitafunwa vya safari, duka kubwa lililo ndani ya Schiphol Plaza hufunguliwa hata Jumapili, na huhitaji tiketi ya ndege kuingia.

Hatua ya 9: Kuondoka

Kwa ndege ya kwenda Afrika fika uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Kutoka Hoofddorp ni kituo kimoja, kwa hiyo mwenye ndege ya usiku ana Jumapili yote mkononi.

Kuhusu matunguu ya tulipu yanayouzwa kila kona: anayeishi Ulaya anunue, ayapande kabla ya baridi. Anayerudi nyumbani Afrika Mashariki ayaache. Kenya humtaka mwenye mmea awe na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla ya kuuingiza, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka unakotoka, na nchi jirani nazo zina masharti yao. Hata ukivuka nalo, tunguu la tulipu linahitaji majuma kumi na mawili au zaidi ya baridi kali ndipo lichanue, na Dar es Salaam haina baridi hiyo. Mletee mama tulipu za mbao zilizopakwa rangi, ni nyepesi na forodha hawana neno nazo.